Mjane wa Kesi ya Nne

Jumapili, 9 Novemba 1997

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa barazani pale Nyakato na redio yako, goti likiwa limetulia. Mama naye shikamoo. Kikohozi chake kimepungua? Uliandika kwamba mvua zimeanza kwa nguvu na maji yanapita mpaka mlangoni kwa jirani. Mwambie Mama aache kutoka mvuani kufukuzana na mabeseni yake. Beseni likienda, liende.

Mimi ni mzima. Baridi imeanza huku, na giza linaingia saa kumi na moja jioni, wakati huko nyumbani watu ndio wanarudi kutoka viwandani. Nimezoea kuvaa soksi mbili mbili. Chakula chao nimekizoea pia, isipokuwa samaki. Juzi niliona dukani minofu ya sangara, imefungwa kwenye karatasi yenye picha ya ziwa la buluu. Niliishika, nikairudisha. Mikono ilinuka siku nzima, au niliona mimi tu kwamba inanuka.

Barua yako ya mwezi wa tisa niliipata. Nimechelewa kujibu, na sikukosa nafasi. Sababu utaiona. Nitaanza mbali kidogo, kwa jambo ambalo utaliona la kitoto, lakini nakuomba uisome wewe mwenyewe mpaka mwisho.

Unajua kwamba namtunza mzee mmoja, baba wa yule mwalimu aliyekaa Nyegezi, ambaye Mama alimfundisha kupika ndizi kwa maharage. Mzee huyu alikuwa karani wa mahakama mpaka alipostaafu. Akili yake ni nzima na mdomo wake ni mkali, ila mikono inatetemeka, hawezi kushika hata kikombe. Kwa hiyo mimi namshikia kila kitu: kijiko, gazeti, na tangu mwezi wa nane, kompyuta. Jina Leokadia limemshinda kulitamka, ananiita Kadia.

Binti yake alimletea mchezo wa kompyuta. Mchezo wenyewe ni wa kesi za mahakamani. Unakuja kwenye sahani ndogo inayong'aa kama kioo cha kujitazamia, na ukishaiingiza kwenye mashine, kwenye kioo anatokea hakimu, mshtakiwa, mashahidi na watu waliokuja kusikiliza. Wewe unayecheza ndiye wakili. Unapewa orodha ya maswali, unachagua moja kwa kubonyeza, na shahidi anajibu. Ukimshika kwenye uongo, unafungua sanduku la ushahidi na kumwonyesha kitu: barua, kiatu, ufunguo. Ukikosea, hakimu anagonga nyundo na kukupunguzia alama. Ukikosea mara tano mteja wako anafungwa. Mzee anaamua, mimi nabonyeza.

Sitakudanganya, Baba, niliupenda. Kesi ya kwanza ilihusu saa iliyoibwa kanisani, na tulimpata mwizi kwa sababu ya tope la viatu vyake. Ya pili ilikuwa ya mwokaji mikate aliyesingiziwa kwamba unga wake umeua kuku wa watu. Ya tatu ya farasi aliyebadilishwa rangi. Nilicheka mpaka machozi, na Mzee akaniambia, "Kadia, wewe ungekuwa hakimu, wezi wote wa mji huu wangekuwa nyumbani kwao wanakunywa chai. Unawaonea huruma kabla hawajafungua mdomo."

Halafu tukaingia kesi ya nne. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikae na barua yako bila kuijibu, na hiyo ndiyo inayonifanya niandike sasa. Nimetafuta neno la upole la kuielezea, sikulipata. Imenitia kinyaa.

Mtu mmoja ametoka na mtumbwi ziwani, hakurudi. Wanamtafuta. Siku ya tano, wakati watu bado wako majini, mkewe anaagiza jeneza. Siku ya sita anazika jeneza tupu, ndani ameweka koti la mumewe. Polisi wanamkamata ndugu wa marehemu, kwa kuwa walionekana wakigombana asubuhi ile. Wewe ni wakili wa huyo ndugu. Ili aachiwe huru, inabidi uonyeshe kwamba aliyemuua ni mke. Na ushahidi mkubwa kuliko wote, Baba, ni risiti ya jeneza.

Tangu picha ya kwanza nilijua kwamba aliyeitunga hajawahi kukaa ufukweni akimsubiri mtu. Ziwa lake limetulia kama mchuzi kwenye sahani. Hakuna mvuvi hata mmoja aliyeacha nyavu zake ili kusaidia kutafuta. Siku tano nzima hakuna jirani aliyeleta unga wala maji, hakuna mwanamke aliyekuja kulala chini na mfiwa. Baba wa marehemu haonekani kabisa, kama vile mtu huyo aliokotwa. Mjane amekaa peke yake kwenye kiti, amevaa vizuri, na kila akiulizwa swali anatokwa na machozi matatu, yale yale matatu, yanashuka kwenye shavu lile lile. Ukibonyeza tena, yanashuka tena. Kuna watu walilipwa mshahara kwa kuchora machozi hayo.

Nilikuwa nashindwa kumtazama, kwa sababu ndani yake nilimwona wifi yangu Adventina.

Unakumbuka ndugu yangu Deo alivyoanza kazi ile ya boti. Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu alikaa nyumbani mwezi mmoja tu, halafu akaja kukuambia amepata kazi ya kwenda visiwani kukusanya sangara wa viwanda. Wewe ulisema, "Mtoto wa kibanja cha migomba anakwenda kutafuta nini majini?" Naye akajibu, "Nakwenda kufuata wazungu wanakopata chakula." Tulicheka wote, hata wewe. Siku ile alikuwa amevaa shati la mistari lililokosa kifungo cha pili. Kila mara Adventina alisema atakishona, na kila mara Deo alisema upepo wa ziwa unahitaji mahali pa kuingilia.

Boti ilipopinduka na wenzake wawili wakaokolewa, sisi tulihesabu siku kama tunavyohesabu kwetu. Siku tisa mtu anasubiriwa. Ziwa likimrudisha, vizuri. Lisipomrudisha, ndipo unakatwa mgomba ambao haujazaa, unavishwa nguo yake, unalazwa jenezani na kuzikwa kibanjani kama mwili wake. Na mgomba ukishazikwa, mitumbwi inaacha kutafuta. Haya nakuandikia kama vile huyajui, Baba, nisamehe. Nayaandika ili yakae kwa mpangilio, maana yaliyofuata nimeyavuruga mwenyewe.

Siku ya sita, Baba Mkubwa alimwita Adventina mbele ya wazee pale Buhongwa. Akamwuliza, "Mama Kemi, tungoje siku tisa zitimie au tuzike?" Adventina akainamisha kichwa. "Tuzike," akasema. Wazee wakatazamana, lakini hakuna aliyekataa. Siku ya saba tukapanda meli na jeneza, tukaenda kumzika kwetu Muleba. Tulimngoja Deo siku sita. Siku tatu hatukumngoja.

Sasa unaniandikia kwamba wakati wa Krismasi Baba Mkubwa anaitisha kikao tena. Kwamba anasema mwanamke aliyemjua mumewe hawezi kuharakisha kuzika mgomba. Kwamba huenda alikuwa na lake moyoni, huenda hata wale wa kwenye boti walijua. Kwamba arudishwe kwao, nyumba ya Buhongwa ichukuliwe na ukoo, Kemi aende kwa shangazi mmoja na mdogo wake kwa mwingine. Na wewe umeandika, "Sisi wengine hatuna neno la kumtetea, maana ni kweli aliharakisha."

Barua hiyo ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu siku tulipofika mwisho wa kesi ya nne.

Mjane alikuwa kizimbani. Mzee alikuwa amechangamka, blanketi limemdondoka miguuni.

"Sasa! Mwonyeshe risiti!" akasema.

"Ngoja kwanza, Mzee. Nataka kumwuliza kitu."

"Uliza, nani amekuzuia?"

Nikapitia orodha. Maswali yalikuwa manne. Ulikuwa wapi asubuhi ile? Uligombana na mumeo? Nani anarithi nyumba? Kwa nini uliagiza jeneza siku ya tano? Nikashuka mpaka chini, nikapanda mpaka juu.

"Swali langu halimo," nikasema.

"Swali gani hilo?"

"Nani alimwomba azike mapema."

Mzee akacheka. "Kadia! Nani duniani atamwomba mjane jambo kama hilo? Bonyeza risiti bwana, chai inapoa."

Nikabonyeza. Kwa kidole changu mwenyewe, Baba. Risiti ikatokea kubwa kioo kizima. Uso wa mjane ukabadilika, machozi yakaondoka, akacheka na meno yote nje. Akasema ndiyo, ni mimi, nilimsukuma, na nilikuwa nimechoka kungoja. Watu wa mahakamani wakapiga makofi. Vikaratasi vya rangi vikaanguka kutoka juu kama harusini. Ndugu wa marehemu akatoka kizimbani, akapunga mikono. Kisha ikaandikwa kwamba tumepata alama zote, hatukupoteza hata moja. Mzee naye akapiga makofi kwa mikono yake ile inayotetemeka, makofi yasiyo na sauti.

Ubaya wa kesi hii ni huo. Sisemi kwamba haichezeki. Kama hesabu, inatoka vizuri. Kila kitu kimepangwa ili ufike pale. Lakini imepangwa na mtu anayeamini kwamba huzuni ina ratiba, na anayekosea ratiba ni muuaji. Halafu inakufanya wewe uliyeketi kwenye kiti chako uwe ndiye unayembana, na inakupa zawadi. Hata kama ndani ya mchezo mwanamke yule aliua kweli, risiti haikuonyesha hilo. Risiti ilionyesha tu kwamba alizika mapema. Aliyetunga akaongeza kicheko ili sisi tusione aibu.

Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa visafi. Mzee akanifuata na fimbo yake.

"Umeshinda halafu umenuna. Kwenu ndivyo mnavyoshinda?"

"Kesi ile ni chafu, Mzee."

"Ni mchezo tu."

"Sicheki nayo."

Akavuta kiti akakaa. Pengine aliona uso wangu. "Haya, niambie," akasema. Nikamwambia. Nilimwambia yeye kabla yako, Baba, na kwa hilo pia naomba msamaha. Ilikuwa rahisi kumwambia mtu asiyemjua Deo.

Akauliza kama karani, bila huruma na bila ukali: "Wewe ulikuwepo alipoulizwa?"

"Nilikuwepo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema."

"Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika yaliyosemwa," akasema. "Mtu aliyenyamaza sikuwa na pa kumwandika. Nipe chai yangu."

Nikampa chai, nikamshikia kikombe.

Sasa naandika, Baba.

Siku ya tano, mchana, mimi na Adventina tulikuwa nyuma ya nyumba pale Buhongwa tunasugua masufuria ya msiba. Tiketi yangu ya ndege ilikuwa ya wiki iliyofuata. Viza ilichukua mwaka mzima kupatikana, unakumbuka, na nafasi hii ingepewa mtu mwingine. Nilimwambia, "Wifi, nikisubiri siku tisa, na meli, na matanga, sitaondoka tena. Na siwezi kuondoka Deo akiwa hajazikwa. Watakuuliza wewe. Sema tuzike."

Aliacha kusugua. Akasema, "Na kama wakimpata siku ya nane?"

Nikamwambia, "Kama angepatikana angeshapatikana."

Maneno hayo ni yangu. Nimeyasikia kila siku tangu hapo.

Akasema, "Wifi, mimi bado nasikia akigonga dirishani." Unajua Deo hakuwahi kupitia mlangoni, aligonga dirisha kwa vidole vitatu, kisha akazunguka. Mimi nikaendelea kusugua. Baada ya muda akasema, "Haya. Kwa ajili yako."

Jioni ile alikaa na lile shati la mistari. Alikishona kile kifungo cha pili. Mimi nilimtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake yalikuwa yamevimba. Shati hilo ndilo lililovishwa mgomba. Baba Mkubwa akiuliza mwanamke huyu alimpenda mumewe au la, hiyo ndiyo habari ninayoijua.

Na siku ya kuanua matanga pale Muleba, Baba Mkubwa alipouliza mbele ya watu wote, "Nani aliyekuambia uharakishe?" Adventina alinitazama. Wewe ulikuwa umekaa karibu na mlango, hukuona. Mimi nilikuwa na trei ya chai mkononi. Nikatazama chai. Akageuka, akasema, "Ni mimi mwenyewe, Baba." Nikaanza kugawa vikombe, cha kwanza nikampa Baba Mkubwa. Kesho yake nikarudi Mwanza kwa meli, na siku iliyofuata nikapanda ndege.

Nilinyamaza kwa sababu niliogopa kwamba utanizuia kusafiri. Baadaye nilinyamaza kwa sababu ya lile swali la siku ya nane. Mitumbwi iliacha kumtafuta kwa ajili ya ndege yangu. Nilifikiri nikisema hivyo utanichukia, na sikuwa na mtu mwingine wa kumpoteza. Kumbe nimemwachia mke wa ndugu yangu abebe. Kwenye mchezo yule ndugu alipunga mikono akaenda zake. Nilimwona, nikajua mwendo ule. Kinyaa nilichokisikia mbele ya kompyuta ile hakikuwa chote cha mchezo.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Barua hii uisome kwenye kikao, kwa sauti, yote, kabla mtu hajapewa chai. Usiifupishe kwa kunihurumia. Mpe Baba Mkubwa aishike aone mwandiko. Ndiye aliyenifundisha herufi, ataujua. Mwambie kwamba Adventina hakuharakisha. Alikubali kusema neno la mtu mwingine, na wazee wote walilikubali neno hilo siku ile, meli ikapandwa na kila mmoja wetu. Kama kuna wa kurudishwa kwao kwa sababu ya siku zile tatu, ni mimi, nami nitakuja mkiniita. Nyumba ya Buhongwa mwachieni. Kemi na mdogo wake wasitenganishwe. Wakitenganishwa, ni nani atawaonyesha dirisha ambalo baba yao alikuwa anagonga?

Mzee amerudisha mchezo ule kwa binti yake. Alimwambia, "Kesi ya nne imefutwa, shahidi amepatikana." Imebaki kesi ya tano ambayo hatukuifungua, na simwoni akilalamika. Siku hizi namsomea gazeti, tunabishana habari za siasa za kwao nisizozielewa.

Nisalimie Mama, nimemwekea soksi za sufu, atazicheka. Msalimie Baba Mkubwa. Mwambie shikamoo yangu ni ile ile hata akinikasirikia. Msalimie katekista aliyetusindikiza melini, na yule mama wa maandazi wa jirani aliyepika siku zote za msiba bila kuulizwa. Wabusu Kemi na mdogo wake. Adventina nimemwandikia barua yake peke yake, lakini sikuituma. Nitaituma nikisikia kwamba hii imesomwa, maana sioni nimwambie nini kabla ya hapo.

Ukienda Muleba, Baba, pita pale kibanjani. Mgomba ule utakuwa umeshaoza na kuwa udongo, lakini kifungo hakiozi. Simama kidogo kwa ajili yangu.

Nami nikumbukeni.

Binti yako,
Leokadia